Mteremko wa Wete

Jina lilinitorokea jikoni, Ramadhani ya mwaka jana.
Nazi nimeshaikuna, maji ya vuguvugu nimeshatia,
nacho nakiona, kimeangikwa msumarini,
nilikinunua mwenyewe Konde, ukili wake naujua kwa vidole.
Jina haliji.
"Nipe kile," nikamwambia Raya. "Kile cha kuchujia."
Akacheka. Mimi sikucheka.
Mama alianza hivyo hivyo: kile, hiki, yule.
Akamaliza kwa kuniita mimi shangazi yake.

Shaame, mtoto wa dada yangu, tabibu wa viungo,
alinipima moyo kwanza, siku tatu,
kisha nyuma ya karatasi ya dawa za presha
akachora mdudu aliyekunja mkia: farasi wa baharini.
"Kimo kichwani, mamdogo, kimoja huku, kimoja huku.
Ndipo kumbukumbu zinapochongwa. Umri ukienda, vinasinyaa.
Wanasema moyo ukitwetwa kwelikweli, vinapata mbolea."
"Wanasema nani?"
"Waliopima." Akanyamaza. "Ahadi sikupi."
Nikampenda kwa hilo. Miaka thelathini na moja
nimepima vifurushi posta;
asiyezidisha mizani namjua.

Basi baada ya sala ya alfajiri, siku tatu kwa wiki,
nashika barabara inayoshukia bandarini.
Raba ni za Raya, zinanipwaya, nimevaa soksi mbili mbili.
Nimejifunga kibwebwe, na safari hii si msemo.

Dakika nne.
Panda.
Goti,
goti,
ukuta wa forodha,
duka la Faki,
pumzi
kisu,
mbavu
ngoma,
panda,
mwana wa watu,
panda.

Dakika tatu za pole. Nashuka nimejishika kiuno,
lami ya jana bado inanuka karafuu, inaniwasha koo.
Watoto wa chuoni wanapita na juzuu zao.
Mmoja anauliza: "Bibi, nani anakukimbiza?"
Nataka kumjibu, pumzi inakataa.
Swali lake napanda nalo.

Nani?
Mama.
Kiti chake
barazani,
macho
njiani:
"Zuwena wangu
hajarudi skuli?"
Nimerudi, mama.
Panda.
Nimerudi
tangu mwaka wa sabini na tatu.
Panda.

Chini, Bi Mize anageuza maandazi, hapunguzi sauti:
"Huyu karukwa na akili."
"Ndizo ninazozifukuza, Bi Mize,
kabla hazijafika mbali."

Mara ya tatu sina la kueleza. Ni mapafu tu.

Mara ya nne, pale konani, miguu inachacha
kama tui lililolala. Shaame anasema uchachu huo huo
hupanda na damu hadi kichwani, huko ukawa chakula.
Sijui. Sijawahi kufungua kichwa cha mtu.
Najua kwamba nikifika juu, mikono magotini,
jasho likinidondoka puani,
dunia inanijia imeoshwa, kila kitu na jina lake:
bati, kunguru, kufuli, mfereji, msumari,
msumari...

Miezi saba sasa. Juzi nilisahau ufunguo mlangoni,
na jina la mume wa Raya lilinichelewa hadi chai ikapoa.
Kwa hiyo sisemi nimepona,
wala sina hakika kama nilikuwa mgonjwa.
Nasema tu kwamba jana nilirudi nyumbani nahema,
nikakuna nazi, nikanyoosha mkono ukutani,
nikakiita kwa sauti, peke yangu,
kama mtu anayemwita mtoto aliye chumba cha pili:
kifumbu.

Nikakamua.